Titaniamu, magnetaiti, chuma safi au mkaa wa vifuu? Kuchagua njia ya kuondoa mabaki ya dawa katika maji ya Mombasa

Tembe moja ya miligramu 500 ikiyeyushwa katika maji ya maboza 50, kila boza likibeba lita 10,000, kila lita ya maji hayo itakuwa na mikrogramu moja ya dawa. Kiasi hicho hakionekani, hakionjeki na hakimponyi mtu yeyote, lakini ndicho kiwango kinachozungumziwa maji yanaposemwa kuwa na mabaki ya dawa: mikrogramu chache kwa lita, na mara nyingi chini ya hapo. Uchunguzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2022, uliopima mito katika sehemu 1,052 za nchi 104, ulikuta kabamazepini ya wagonjwa wa kifafa, metformini ya wagonjwa wa kisukari, pamoja na kafeini, katika zaidi ya nusu ya sehemu hizo. Hapa Kenya, watafiti wamekuta viuavijasumu na dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI, kama vile nevirapini na lamivudini, katika maji ya Nairobi na ya Kisumu.

Mombasa haina sababu ya kujitoa katika hesabu hiyo. Kisiwa kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe uliojaa matundu, na katika mwamba huohuo watu wamechimba mashimo ya vyoo, matangi ya maji taka na visima. Maji ya mfereji yanatoka mbali, Mzima, Baricho, Marere na Tiwi, na kwa kuwa hayatoshi, kisima cha nyumbani na mkokoteni wa mitungi vimebaki kuwa sehemu ya maisha. Dawa aliyomeza jirani hutoka mwilini mwake kwa mkojo, nyingine ikiwa haijabadilika hata kidogo, na safari yake kutoka shimo hadi kisima inaweza kuwa fupi.

Makala haya ni ya wale waliokwisha kuamua kufanya jambo na sasa wamekwama katika kuchagua: mhandisi wa hospitali, meneja wa hoteli anayemwagilia bustani kwa maji yaliyosafishwa, mwenye kisima, na mwanafunzi wa kemia anayetafuta mada ya utafiti. Wote wamesikia kuhusu chembe nano, yaani chembe za ukubwa wa nanomita 1 hadi 100, ambapo nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita, na wote wameambiwa kwamba zinafanya maajabu.

Nimezilinganisha njia nne. Ya kwanza ni titaniamu daioksaidi, unga mweupe unaoamshwa na mwanga. Ya pili ni magnetaiti, oksaidi nyeusi ya chuma inayovutwa na sumaku. Ya tatu ni chembe nano za chuma safi, yaani chuma ambacho bado hakijashika kutu. Ya nne ni mkaa amilifu uliotengenezwa kwa vifuu vya nazi, ambao si chembe nano hata kidogo. Nimeuweka kwa sababu ndio mwenyeji, na mgeni hana haki ya kupewa kiti cha mwenyeji kabla hajaonyesha kwamba anaweza kazi yake.

Vigezo

Kila njia nimeipima kwa maswali matano. Je, inaiharibu dawa au inaihamisha tu kutoka mahali pamoja hadi pengine? Inafaa kwa dawa za aina gani? Inastahimili vipi maji ya pwani, yenye chumvi na chokaa? Baada ya kazi, tunaitoaje majini? Na mwisho, inahitaji fedha, umeme, ujuzi na tahadhari kiasi gani? Swali la tatu limechukua nafasi kubwa kuliko mengine, na nimeliacha hivyo kwa makusudi, kwa sababu kwa maoni yangu ndilo linaloamua mengine yote, na ndilo ambalo wauzaji wa mitambo hulipita kwa haraka.

Kuharibu au kuhamisha

Titaniamu daioksaidi huharibu. Tangu wanakemia Fujishima na Honda wa Japani walipochapisha mwaka 1972 jinsi elektrodi ya madini hiyo inavyopasua maji ikimulikwa, kanuni yake imejulikana: mwanga wenye urefu wa wimbi ulio chini ya nanomita 390 hivi huirusha elektroni kutoka mahali pake, nafasi inayoachwa wazi huwa na njaa kali ya elektroni, na maji yaliyo karibu hugeuzwa kuwa radikali za haidroksili, yaani vipande vya molekuli ya maji vyenye upungufu wa elektroni, ambazo hushambulia karibu kila kitu chenye kaboni. Dawa hukatwa vipande, na vipande hukatwa tena, hadi pale ambapo, muda ukitosha, hubaki kaboni daioksaidi, maji na chumvi chache. Neno la kuzingatia ni hilo la muda ukitosha. Mtambo ukisimamishwa mapema, kinachotoka ni vipande vya katikati, na baadhi ya vipande hivyo vinaweza kuwa na sumu kuliko dawa yenyewe. Kwa hiyo ripoti inayosema kwamba diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, imetoweka kwa asilimia fulani haijasema bado kwamba maji ni salama.

Magnetaiti ikiwa peke yake huhamisha: dawa hunata juu ya uso wake, kisha chembe huvutwa kwa sumaku. Ikiongezewa haidrojeni peroksaidi hugeuka mharibifu, kwa mmenyuko wa jamii ya ule alioueleza Fenton mwaka 1894, ambapo chuma huichochea peroksaidi kuzaa radikali zilezile za haidroksili.

Chuma safi hufanya kinyume cha titaniamu. Badala ya kunyang'anya elektroni, kinazitoa, na kwa kuzitoa hukivunja kile kifungo cha dawa kilicho tayari kuzipokea. Dawa hubadilika umbo, mara nyingi ikapoteza nguvu yake, lakini ni nadra kumalizika kabisa. Chuma chenyewe huishia kuwa kutu.

Mkaa amilifu huhamisha tu. Uwezo wake unatokana na matundu ya ndani, na hapa ipo hesabu inayowashangaza wengi. Gramu moja ya mkaa mzuri ina uso wa mita za mraba 500 hadi 1,500. Unga wa titaniamu daioksaidi unaotumiwa sana maabarani, ule uitwao P25, una mita za mraba 50 hivi kwa gramu, na chembe za magnetaiti zenye kipenyo cha nanomita 10 zina mita za mraba zisizozidi sana 115. Kwa hiyo hoja ya kwamba chembe nano hunasa zaidi kwa sababu ni ndogo, na kwa hiyo zina uso mkubwa, haisimami mbele ya kifuu cha nazi kilichochomwa vizuri. Ubora wa chembe nano, pale ulipo, ni katika kile uso unachofanya, si katika upana wake.

Dawa za aina gani

Kabamazepini haina chaji katika maji ya kawaida na haipendi sana maji, na kwa sababu hiyo mkaa huipokea vizuri, ilhali mitambo ya kawaida ya maji taka huiacha ipite karibu yote. Radikali za titaniamu daioksaidi nazo huimudu, lakini si kwa haraka. Metformini ni kinyume chake: ina chaji chanya na huyapenda maji kupita kiasi, kwa hivyo mkaa huishika kwa shida sana, jambo ambalo mtu anayeusifu mkaa, kama mimi, analazimika kulisema wazi.

Viuavijasumu kama siprofloksasini na dawa za jamii ya tetrasaiklini, doksisaiklini ikiwemo, hung'ang'ania magnetaiti. Sababu yake kila mfamasia wa Mombasa anaijua bila kujua kwamba anaijua: ndiyo ileile inayomfanya amwonye mgonjwa asizimeze dawa hizo pamoja na maziwa au vidonge vya kuongeza damu. Dawa hizo zina mikono ya oksijeni inayokamata chuma na kalsiamu. Tumboni tabia hiyo ni kero, kwa kuwa dawa hushindwa kuingia mwilini. Majini tabia hiyohiyo ni msaada.

Chuma safi kina wateja wake maalumu, nao ni dawa zenye kundi la nitro au klorini. Metronidazoli, inayomezwa sana hapa kwa amiba na maradhi ya tumbo, ina kundi la nitro ambalo chuma hulivunja kwa urahisi, na kloramfenikoli vilevile. Diklofenaki ina atomi mbili za klorini, lakini chuma peke yake huziondoa polepole, na watafiti wengi wamelazimika kukipaka paladiamu, metali ya bei ghali, ili kazi iende. Kwa kabamazepini sitegemei mengi kutoka kwa chuma safi.

Titaniamu daioksaidi haichagui sana, na hiyo ndiyo sifa yake kuu. Ni sifa yenye gharama, kwa sababu kisichochagua hushambulia pia yale ambayo hatukukituma kiyashambulie.

Maji ya pwani

Miaka kadhaa iliyopita niliwaonyesha wanafunzi bika mbili, vile vikombe vya kioo vya maabara. Moja ilikuwa na maji yaliyokenekwa, yaani yaliyogeuzwa mvuke na kurudishwa kuwa maji bila chumvi, nyingine maji ya kisima cha Kisauni, na katika kila moja nilikoroga kijiko kidogo cha titaniamu daioksaidi. Ya kwanza ilibaki nyeupe kama tui mchana kutwa. Ya pili ilianza kuganda mbele ya macho yetu, na kabla ya kipindi kwisha unga ulikuwa umelala chini, maji ya juu yakiwa yamekaribia kuwa maangavu. Jaribio letu la kuondoa dawa, lililokuwa limefaulu vizuri wiki iliyotangulia katika maji yaliyokenekwa, halikufika popote.

Chembe ndogo hukaa zikielea mbalimbali kwa sababu zina chaji ya aina moja na husukumana. Chumvi hulibana lile wingu la chaji linalozizunguka, zikakaribiana, zikashikana na kuwa madonge, na donge la chembe nano elfu si chembe nano tena. Kalsiamu, kwa kuwa na chaji mbili, hufanya hivyo kwa nguvu kubwa kuliko sodiamu. Maji ya bahari yana gramu 35 hivi za chumvi kwa lita. Kisima kilichoingiliwa na bahari kwa kiasi cha sehemu moja tu kati ya 20 kinapata karibu gramu 1.75 kwa lita, na kalsiamu ya mwamba wa matumbawe huongezeka juu yake. Karibu kila matokeo ya kupendeza yanayonukuliwa kuhusu chembe nano yalipatikana katika maji ambayo hayafanani na hayo.

Jambo la pili ni pH, kipimo cha asidi na alikali, ambapo chini ya 7 ni asidi. Maji yaliyokaa katika mwamba wa chokaa huwa upande wa alikali, pH 7 na kitu hadi 8. Titaniamu daioksaidi na magnetaiti hugeuka kuwa na chaji hasi pale pH inapopita 6 hadi 7 hivi, na diklofenaki na kiuavijasumu cha sulfamethoksazoli nazo katika maji hayo zina chaji hasi. Zinasukumana. Mtafiti anayefanya kazi kwa pH 4 au 5 hulikwepa tatizo hili kwa matone machache ya asidi, lakini katika maji ya chokaa asidi huliwa kwanza na bikaboneti, yakatoka mapovu, na pH ikabaki karibu palepale. Mmenyuko wa Fenton wa kawaida hutaka pH ya karibu 3. Hebu fikiria gharama ya kuyashusha maji ya kisima cha matumbawe hadi hapo, kisha kuyapandisha tena kabla ya kuyamwaga.

La tatu ni wanyang'anyi. Radikali ya haidroksili haiishi hata sekunde moja, na katika muda huo mfupi inakutana na bikaboneti, kloraidi na mabaki ya viumbe mara nyingi zaidi kuliko inavyokutana na dawa. Katika maji taka ambayo hayajasafishwa, mabaki hayo huhesabiwa kwa miligramu kwa lita, mengi mno, wakati dawa huhesabiwa kwa mikrogramu, kwa hivyo tofauti ni ya mara elfu na zaidi. Hii ndiyo sababu hakuna mojawapo ya njia hizi nne inayostahili kutiwa moja kwa moja katika tangi la maji taka. Zote ni za hatua ya mwisho, baada ya bakteria na machujio kufanya sehemu yao.

Mbele ya maji haya, titaniamu daioksaidi huumia zaidi kuliko zote ikiwa ni unga ulioelea, na huumia kidogo zaidi ya nusu ya hapo, kwa makadirio yangu ya jicho tu, ikiwa imegandishwa juu ya kioo au kigae, kwa sababu angalau haigandamani. Magnetaiti huganda vilevile, tena ina sumaku yake ya kuisaidia kuganda, lakini kwa siprofloksasini na jamaa zake bado hufanya kazi. Watu hujaribu kuivika ganda la kitozani, inayotengenezwa kwa magamba ya kamba na kaa, na ukipita soko la samaki utaona kwamba malighafi hiyo hutupwa kwa ndoo. Ila faida ya chaji chanya ya kitozani hupungua sana pH inapopita 6.5, yaani hapo hapo ambapo maji yetu huanzia. Kwa chuma safi chumvi si adui kila mara: kloraidi hulitoboa lile ganda la kutu linalokifunika na kukiacha kiendelee kufanya kazi, ingawa kaboneti na kalsiamu huweza kukivika ganda jingine. Mkaa hausumbuliwi sana na chumvi. Adui wake ni uchafu wa viumbe, unaoziba milango ya matundu kabla dawa haijaingia.

Kuzirudisha chembe

Chembe iliyotoroka ni uchafu mpya. Ukishamwaga unga wa titaniamu daioksaidi ndani ya maji, kuutoa kunahitaji chujio la utando au tangi la kutuamisha, na kile kilichobaki huenda na maji hadi hori la Tudor au la Mtwapa, kwenye mikoko na chaza. Kuugandisha juu ya kigae, kioo au chembe za mchanga huondoa tatizo hilo kwa sehemu kubwa, na hupunguza pia uso unaokutana na maji. Mimi ningekubali hasara hiyo bila kusita.

Magnetaiti hapa ndipo inapong'aa. Sumaku ya neodimiamu iliyowekwa nje ya chupa huyakusanya madonge meusi kwa dakika chache, naye mtazamaji hupigwa na butwaa. Ila chupa si tangi. Nguvu ya sumaku hupungua kwa kasi kadiri unavyokwenda mbali nayo, na kwa mita za ujazo nyingi kwa siku huhitajika mtambo maalumu wenye nyavu za chuma ndani ya sumaku kubwa. Halafu chembe zilizoshiba dawa husafishwa kwa alkali au kwa pombe kama methanoli, na ule uosho wenye dawa unabaki mikononi mwako.

Chuma safi hakirudishwi kwa kawaida; kinaachwa kioze. Mkaa wa punje hukaa ndani ya safu yake wala haumfuati mtu, na ukichoka hupelekwa katika tanuru la nyuzi 800 hivi, penye mvuke na hewa kidogo, ili uamilishwe upya, au huchomwa kwa joto kali pamoja na dawa ulizozinasa. Kuutupa jaani ni kuzirudisha dawa zilikotoka, kwa mzunguko mrefu kidogo.

Fedha, mafundi na tahadhari

Pwani ina nazi, na vifuu vyake vikitengenezwa vizuri hutoa mkaa wenye matundu madogo yanayofaa kwa molekuli za ukubwa wa dawa. Mkaa wa jikoni hautoshi: kuamilisha kunahitaji mvuke au kemikali na joto linalodhibitiwa. Titaniamu nayo watu wa huku wanaijua, kwa kuwa rutaili na ilmenaiti za mchanga wa Kwale zilisafirishwa kupitia Likoni kuanzia mwaka 2014 hadi uchimbaji ulipokoma mwishoni mwa 2024, lakini madini hayo si unga wa nano, na kati ya mchanga na unga kuna kiwanda ambacho hatuna.

Mwanga wa jua ni wa bure, ila ni asilimia 4 au 5 tu ya nguvu yake iliyo katika mionzi ya urujuanimno ambayo titaniamu daioksaidi huihitaji. Kule Almería, Hispania, wamefanya majaribio mengi kwa vioo vinavyokusanya jua juu ya mabomba. Mombasa, ikiwa nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta, inaweza kuiga, mradi mtu akumbuke kwamba mawingu ya masika na usiku wa saa 12 hayana mjadala. La sivyo utanunua taa na bili ya umeme itaingia katika hesabu. Mkaa hautaki umeme zaidi ya pampu. Magnetaiti hutengenezwa katika maabara ya kawaida kwa chumvi mbili za chuma na amonia. Chuma safi nano ndicho kigumu kutunza: kikiwa kipya na kikavu kinaweza kuwaka chenyewe hewani, na kikilowa huanza kuzeeka siku hiyohiyo, kwa hiyo kukiweka stoo katika joto na unyevu wa Mombasa ni kununua kutu.

Kuhusu afya, unga mkavu wa titaniamu daioksaidi usivutwe puani. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeuweka katika kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani kwa kuvutwa, na Umoja wa Ulaya uliuondoa katika vyakula mwaka 2022. Barakoa ya kitambaa haitoshi kwa chembe za ukubwa huo.

Neno moja kuhusu vipimo, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanapotapeliwa. Kile kifaa kidogo cha kupima chumvi ambacho wauza mitambo hukitumbukiza katika glasi hakioni dawa. Dawa za kiwango cha mikrogramu hupimwa kwa mashine ya kromatografia iliyounganishwa na spektromita ya masi, na sampuli moja hugharimu fedha ya maana. Vilevile, kupotea kwa rangi ya buluu ya methilini katika chupa ya maonyesho hakuthibitishi kupotea kwa kabamazepini. Rangi hiyo ina chaji chanya, hunata kwa urahisi, tena humeza mwanga yenyewe na kujichakaza.

Kwa hali yako

Ikiwa wewe ni mhandisi wa hospitali yenye mtambo wake wa maji taka, anza kwa kuhakikisha kwamba hatua ya bakteria inafanya kazi, kisha weka safu ya mkaa mwishoni. Uswisi, iliyoanza kuwataka wenye mitambo mikubwa waondoe asilimia 80 ya vichafuzi vidogo mwaka 2016, imetegemea mkaa na ozoni, wala si chembe nano, na hospitali haipaswi kuwa mahali pa kujaribia kile ambacho nchi yenye fedha kuliko sisi bado haijakitumia kwa upana. Hali inabadilika endapo una mkondo uliotengwa, kwa mfano maji ya wodi moja au ya chumba cha kutayarishia dawa, ambao ni mdogo, una dawa nyingi, na haujachanganyika na uchafu mwingine. Hapo titaniamu daioksaidi iliyogandishwa, pamoja na taa, inaweza kushinda, kwa sababu wanyang'anyi ni wachache na uharibifu kamili wa viuavijasumu una thamani kuliko kuvihifadhi ndani ya mkaa.

Meneja wa hoteli anayemwagilia bustani ana maji mengi, dawa chache na fundi mmoja. Mkaa unamfaa, iwapo mkataba wa kuubadilisha na kuuchukua uliochoka umeandikwa kabla ya mtambo kununuliwa. Akiwa na paa pana lenye jua na wageni wanaopenda kuona mazingira yakitunzwa, vigae vya titaniamu daioksaidi baada ya mkaa si upuuzi, ila asiupunguze mkaa kwa kuvitegemea.

Mwenye kisima, hasa kisima cha chumvi, hana haja ya chembe nano yoyote. Kuchemsha hakuondoi dawa, na kidonge cha klorini hakikutengenezwa kwa kazi hiyo. Mtambo wa utando wa osmosisi, kama ule unaotumiwa katika maduka ya kuuza maji mitaani, hutoa chumvi na huzuia sehemu kubwa ya dawa, metformini ikiwemo. Maji makali yanayobaki yasirudishwe katika shimo lililo karibu na kisima hichohicho. Kama kisima ni kitamu na wasiwasi ni dawa tu, chujio la mkaa la jikoni linatosha kwa maji ya kunywa, likibadilishwa kwa wakati, ila kwa dawa kama metformini lisitegemewe. Umbali kati ya kisima na shimo la choo ungali na uzito kuliko vyote hivi.

Anayeshughulikia maji ya chini ya ardhi yaliyochafuliwa mahali pamoja, kwa mfano chini ya jaa la zamani au kiwanda cha dawa, na ambaye vipimo vimemwonyesha metronidazoli au vimumunyisho vyenye klorini, ndiye pekee ninayemshauri akifikirie chuma safi, kwa kukiingiza ardhini mahali hapo. Hata yeye akumbuke kwamba matundu ya matumbawe hupitisha maji kwa kasi isiyotabirika, na kile alichokiingiza Jumatatu huenda kisiwepo hapo Ijumaa.

Mwanafunzi ana uhuru ambao hawa wengine hawana, na kwake magnetaiti ni chaguo zuri kwa kuwa inatengenezeka kwa vifaa vya maabara ya kawaida, huonekana ikifanya kazi, na uhusiano wake na siprofloksasini una kemia ya kuvutia. Ninachomwomba ni kwamba safu ya kwanza ya jedwali lake isiwe ya maji yaliyokenekwa peke yake. Achote maji ya kisima cha Kisauni, ya Likoni na ya mfereji, ayachote wakati wa kaskazi na tena baada ya mvua za masika, aandike chumvi, kalsiamu na pH ya kila moja, na katika bika ya pembeni aweke mkaa wa vifuu wa uzito uleule.